Kabla ya Iten

Kila Michezo ya Olimpiki ikikaribia, swali lile lile hurudi: kwa nini Wakenya hukimbia hivyo? Na jibu huwa limeshafungashwa tayari. Wakalenjin. Milima ya Iten, mguu mwembamba, mursik kwenye kibuyu, babu aliyevamia ng'ombe wa jirani usiku akarudi nao mbio kabla jua halijatoka. Video zenyewe unazijua: barabara nyekundu, ukungu wa asubuhi, kundi la vijana wakipita bila kusema neno. Ni picha nzuri, na mimi huipenda kama wewe. Shida yangu nayo ni kwamba kamera iliwashwa wakati hadithi ilikuwa imefika katikati.

Mimi ni Mkisii wa Nyamarambe, huko Mugirango Kusini, na chuoni nilisomea sayansi ya mazoezi. Nairobi, mtu akisikia kozi hiyo, linalofuata ni: "Kwani wewe ni Mkale?" Nikisema hapana, mimi ni wa Kisii, anatabasamu kidogo, anauliza kuhusu ndizi. Siku hizi huwa nataja jina moja tu, Nyandika Maiyoro, kisha nangoja. Kwa kawaida hakuna kinachorudi.

Basi tuanze naye.

Mwaka 1953 Kenya ilipeleka timu Antananarivo, Madagaska, na Maiyoro, kijana wa Kisii, akawekwa kwenye mita 3,000. Simulizi iliyobaki ni kwamba bastola ililia yeye akiwa hayupo mstarini. Alipoingia uwanjani wenzake walikuwa wamemwacha kwa karibu mita mia. Akawafuata, akawapita mmoja mmoja, akashinda.

Mwaka huo huo wa 1953, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, ambaye alikuwa amesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kwa miaka mingi. Carothers aliandika kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na akamlinganisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kuikata sehemu hiyo. Haikuwa stori ya baa. Ilikuwa sayansi, imepigwa muhuri Geneva. Nataja hili kwa sababu utafiti wa mwili wa Mwafrika hapa kwetu haukuanza na saa za mkononi na vipimo vya oksijeni. Ulianza na watu waliokuwa na jibu tayari, wakitafuta vichwa na miili ya kulithibitisha.

Julai 1954 timu ya Kenya, ikiwa njiani kwenda Vancouver kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, ilipitia London na kukimbia White City. Siku ya kwanza Lazaro Chepkwony, Mkalenjin, aliingia maili sita miguu mitupu dhidi ya Gordon Pirie. Alichomoka, akapunguza, akachomoka tena. Mguu ukaumia, akatoka kabla ya mwisho. Waandishi wa Uingereza wakawa na habari waliyoitaka: huyu hajui kupima mwendo, anakimbia kwa damu wala si kwa akili. Carothers mtupu, ila sasa kwenye ukurasa wa michezo.

Kesho yake Maiyoro akaingia maili tatu na kufanya vile vile. Mizunguko ya mwanzo akawaacha watu mbali, na uwanja mzima ukakaa kungoja avunjike. Hakuvunjika. Fred Green na Chris Chataway walimpita mwishoni, na ilibidi wote wawili wavunje rekodi ya dunia. Maiyoro akawa wa tatu. Vancouver akawa wa nne. Melbourne 1956, mita 5,000, wa saba. Roma 1960, wa sita. Kule Cardiff 1958, Mkisii mwingine, Arere Anentia, alikuwa amechukua shaba ya maili sita, na Bartonjo Rotich wa Baringo akachukua shaba ya kuruka viunzi. Yaani toka mwanzo hawa majirani walikuwa pamoja. Kule kuchomoka na kupunguza, ambako London waliita ujinga, ndiko makocha wa Ulaya walikuja kukaa usiku wakifikiria jinsi ya kukabiliana nako.

Sasa njoo kwa Naftali Temu, maana hapa ndipo wanasayansi waliposhika kalamu kwa dhati.

Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Kamati ya Olimpiki ilipolipa michezo ya 1968, maabara za Ulaya na Marekani zilianza kupima hewa nyembamba hufanya nini kwenye damu na mapafu. Sehemu kubwa ya kile tunachojua leo kuhusu mazoezi ya nyanda za juu ilisukumwa na hofu ya miaka ile. Oktoba 13, 1968, Temu akashinda mita 10,000, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia, alimaliza wa sita akaanguka, akapewa oksijeni pale pale kando ya uwanja. Maelezo yakawa rahisi: mwinuko. Mtu wa milimani amemshinda mtu wa pwani kwenye hewa ya milimani.

Hewa ile ilisaidia, nisidanganye. Lakini turudi nyuma miaka miwili, Kingston, Jamaika, Agosti 1966. Kingston iko baharini kabisa, ni joto na unyevu tu. Maili sita: Temu wa kwanza, Clarke wa pili, na kati yao zaidi ya sekunde 20. Huyo ni Clarke ambaye mwaka mmoja kabla, Oslo, alikuwa amekimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 28. Hakuna mlima wa kulaumiwa pale Kingston. Hata hivyo, ukifungua maelezo mengi ya "siri ya Wakenya", Mexico ipo na Kingston haipo. Ushahidi unaokubaliana na nadharia huwa na miguu mirefu.

Nilimuuliza sokoro wangu kuhusu 1968. Aliisikia kwenye redio ya duka moja pale Nyamarambe, watu wamejaa hadi barabarani.

"Sokoro, mlishangaa?"

"Tushangae nini, mjukuu wangu? Tulikuwa tumemzoea. Walioshangaa ni wale waliokuwa hawamjui."

Nyongeza moja hapa, kwa sababu ndiyo inayonikera kuliko zote. Munich 1972, mbio za kupokezana vijiti za 4x400. Kenya ilichukua dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.8. Ndiyo, Wamarekani hawakuwa mstarini. Vince Matthews na Wayne Collett walikuwa wamefungiwa kwa jinsi walivyosimama jukwaani, na John Smith alikuwa ameumia. Lakini dhahabu ni dhahabu. Walioshika kijiti: Charles Asati, Hezahkiah Nyamau, Robert Ouko, kisha Julius Sang akamalizia. Watatu wa kwanza ni Wakisii. (Ouko huyu si yule waziri, watu huchanganya. Huyu alikuja kuwa katibu wa chama cha riadha.) Asati alikuwa pia bingwa wa mita 400 wa Jumuiya ya Madola, 1970 na tena 1974.

Mita 400 haifanani na mbio ndefu. Ni sekunde arobaini na kitu za kukaba pumzi, misuli inayofyatuka haraka, asidi inapanda miguuni mpaka unaona giza. Kila kitu kinachotajwa kuhusu Wakenya, yaani mwinuko, oksijeni na misuli isiyochoka, hakina kazi kubwa hapo. Wakisii watatu kwenye timu moja ya dhahabu ya 400, na hakuna mtu aliyepanda ndege kuja Manga au Nyamira na sindano kutafuta siri ya paja la Mkisii. Ingekuwa maabara zilikuja mwaka ule, leo pengine tungekuwa na kitabu kizima kuhusu ndizi, mtama na mbio fupi, na mtoto wa Nandi angekuwa anaambiwa akafanye kitu kingine.

Zilikuja mwaka 1990, na zikaenda Iten.

Aliyeongoza alikuwa Bengt Saltin, Mswidi, mmoja wa wakubwa wa fani hii karne iliyopita. Nasema hivyo kwa heshima. Yeye na wenzake waliwapima wakimbiaji wa Kenya, wakiwemo vijana wa shule ya St. Patrick's, wakawalinganisha na wakimbiaji wa Skandinavia: kiasi cha oksijeni mwili unachoweza kutumia, lakteti kwenye damu, na vipande vidogo vya msuli vilivyochukuliwa kwa sindano. Matokeo yalitoka 1995. Kwenye kipimo ambacho kila mtu alikitarajia kiwe cha ajabu, kile cha oksijeni, Mkenya bora na Mswidi bora walikaribiana. Tofauti ilikuwa kwamba Mkenya, kwa mwendo ule ule, alitumia nguvu kidogo zaidi, kama pikipiki inayokula mafuta kidogo kwenye mlima ule ule, na damu yake ilikusanya lakteti kidogo. Na wale vijana waliokua wakienda shule kwa miguu walikuwa na mwili uliojengeka hata bila kocha.

Baadaye Henrik Larsen na wenzake wa Copenhagen waliwapima wavulana wa Nandi, wa kijijini na wa mjini. Wa kijijini walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutumia oksijeni, na hilo lilikwenda sambamba na kiasi cha kazi na mwendo walichofanya kila siku. Walipofundishwa mbio kwa miezi michache, wa mjini na wa kijijini wote walipanda. Utafiti huo huo wa Copenhagen ndio uliotupa maarufu ya mguu mwembamba: shavu la mguu la mvulana Mkalenjin ni jepesi kuliko la Mdenishi, na uzito ukiwa mdogo kule chini, kila hatua inagharimu kidogo. Fizikia yake ni sawa kabisa. Zungusha kamba yenye jiwe mwishoni, kisha usogeze jiwe karibu na mkono, utaelewa bila hesabu.

Lakini tazama nani analinganishwa na nani. Mkalenjin na Mdenishi. Mkalenjin na Mswidi. Ukitaka kujua kama kitu ni cha Wakalenjin, kulinganisha na Copenhagen hakutoshi. Lazima uvuke mto tu, uingie Kisii, upime shavu la mguu la mvulana wa Nyamarambe aliyebeba ndizi sokoni tangu darasa la tatu. Hapo ndipo swali lingekuwa na meno. Ekegusii ni lugha ya Kibantu, binamu wa Kikuria na hata wa hiki Kiswahili. Maiyoro, Temu na Asati hawaingii kwenye sanduku la "Waniloti wa nyanda za juu". Mtu anaweza kusema Wakisii na Wakipsigis wameoana kwa vizazi, na ni kweli, mpaka wa Sotik haujawahi kuwa ukuta. Sawa, lakini ukikubali hilo, basi ile habari ya kabila moja lenye mwili wake wa kipekee imeshaanza kuvuja yenyewe.

Nadharia ya wizi wa ng'ombe nayo ni hivyo hivyo. Mwandishi wa Marekani John Manners aliieleza vizuri mwaka 1997: vijana waliokimbia mbali na kurudi na mifugo wakaoa wake wengi, wakazaa wakimbiaji. Abagusii walikuwa na ebisarate, kambi za ng'ombe walikokaa vijana mbali na nyumbani, wakilinda na kuvamia, mpaka serikali ya kikoloni ilipozivunja mwanzoni mwa miaka ya 1910. Tohara ya maumivu bila kulia? Tunayo. Ugali? Obokima bwa wimbi ulikuwepo kabla ya mahindi. Karibu kila kitu kinachotajwa kama siri ya upande ule kipo pia upande huu.

Halafu, miaka hiyo hiyo ambapo sampuli za Iten zilikuwa kwenye friji za Skandinavia, Yobes Ondieki, Mkisii, akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Tokyo, 1991. Na Julai 10, 1993, Oslo, akakimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Binadamu wa kwanza chini ya dakika 27. Ni Oslo ile ile ambako Clarke alikuwa wa kwanza chini ya 28. Rekodi aliyoivunja Ondieki ilikuwa ya Richard Chelimo, Mkenya mwenzake, na ilikuwa na siku tano tu.

Jeni? Walitafuta. Kundi la Yannis Pitsiladis wa Glasgow, pamoja na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walikusanya vinasaba vya mamia ya wakimbiaji wa Kenya. Jeni mbili zilizokuwa zinasifiwa sana wakati huo, ACE na ACTN3, hazikutenganisha mkimbiaji mkali na Mkenya wa kawaida. Kilichotenganisha kilionekana kwenye maswali ya kawaida. Mwaka 2006 Onywera na wenzake walichapisha majibu ya wakimbiaji 404: wengi walitoka Bonde la Ufa, wengi walikuwa wakikimbia kwenda shule, na wengi waliingia riadha kutafuta pesa.

Hesabu za medali nazijua, msiniandikie. Tangu miaka ya themanini Bonde la Ufa limetuacha mbali, na Kiprugut aliileta medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki, Tokyo 1964, kabla ya Temu. Sidai Wakisii ni bora. Nasema maabara zilifika wakati mmoja, mahali pamoja, zikapima walioshinda wakati huo, na swali dogo walilolijibu vizuri likageuka jibu la swali kubwa ambalo hawakuliuliza. Kisha jibu likaanza kupeleka pesa. Kambi, mawakala, viatu vya bure, Wazungu wa likizo ya mazoezi, vyote vinaenda Iten kwa sababu Iten ndiko kuliko na siri. Miaka thelathini ya hivyo, halafu mtu anahesabu washindi na kusema, unaona?

Kwa nini Kisii ilififia, hilo lina mambo yake. Mimi naanza na ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu 960 kwa kila kilomita moja ya mraba katika Kaunti ya Kisii. Elgeyo-Marakwet, yenye Iten, ni kama 150. Asubuhi ukitoka mbio Nyamarambe kuelekea Tabaka, kule kwa mawe ya sabuni, kila mita ni boma la mtu, mbwa wa mtu, boda ya mtu. Lori la mawe likija unaingia kwenye migomba. Juu ya hilo kuna shule. Kwetu mtoto mwenye akili anasukumwa kwenye kitabu, na mbio zilionekana kuwa njia tu ya kufika kitabuni. Ouko alikwenda North Carolina, Ondieki akaenda Iowa State. Iten ikapata mtu kama Brother Colm O'Connell, aliyefika 1976 na kukaa. Sisi waliokwenda mara nyingi hawakurudi kukaa uwanjani.

Na sasa mtoto hakimbii kwenda shule. Nyamarambe saa kumi na mbili na nusu asubuhi utaona boda moja, watoto wanne, mabegi mbele kwenye tangi. Utafiti wa nchi 12 uliopima mwendo wa watoto wa miaka 9 hadi 11, Nairobi ikiwa mojawapo, ulikuwa unafuatilia jambo hilo hilo: hatua zinazopotea. Ukisoma matokeo ya Larsen vizuri, yale ya kijiji na mji, utaona hapo ndipo panapouma. Kama uwezo ule ulijengwa na mwendo wa kila siku, basi unaweza kuondoka Nandi kama ulivyoondoka Kisii, na damu haitaulinda.

Mpwa wangu ana miaka 12, anakimbia mita 800, mwaka huu amefika mashindano ya kaunti ndogo. Mwalimu wake anampenda na amemwambia ukweli kama yeye anavyouona: ukitaka mbio kwa dhati, itabidi mama akutafutie shule kule juu, kwa wenyewe.

"Anko," akaniuliza Desemba, "eti sisi miguu yetu si ya mbio?"

Nikamwekea Oslo 1993 kwenye simu. Bando ikakaribia kuisha, mama yake anaita watu wakale. Ondieki amebaki peke yake mbele, mizunguko inahesabika, watu wa uwanjani wanapiga mabango ya matangazo kwa mikono.

"Huyu ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa kwetu."

"Anaongea Ekegusii?"

"Kama wewe tu."

Hakusema kitu. Akavuta video nyuma kwa kidole hadi kengele ya mzunguko wa mwisho, akaitazama tena.